Ayalandi vijijini watoto wa kuunda timu ya halingi wanazidi kupungua: niliyoyaona parokiani kwetu kwa miaka sita

Mama Ulanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mchangiaji, ila kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi na nimeona nilitoe hapa. Naishi magharibi mwa kaunti ya Offaly, Ayalandi, karibu na mto Shannon. Ni muuguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Nina mtoto wa kiume wa miaka 11 na wa kike wa miaka 8, na wote wanacheza mchezo wa hapa unaoandikwa hurling. Nitaandika halingi ili matamshi yasitusumbue.

Jumamosi saa 3 usiku ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa timu ya chini ya miaka 13: "Kesho tuko 8. Kuna mwingine?" Mechi ilikuwa ya wachezaji 9 kwa upande. Wakubwa wanacheza 15, lakini kwenye daraja letu la chini watoto wanaruhusiwa kushuka hadi 9, kwa sababu klabu za jirani nazo ziko hoi vilevile. Kundi likakaa kimya. Mama mmoja akajibu kwamba wa kwake ana homa. Saa 4 kasoro kocha akaandika kwamba ameshawapigia wenzetu, mechi haipo, wao wamepata ushindi wa mezani.

Mwanangu alikuwa ameshaweka begi mlangoni: kofia ngumu, jezi, na gongo alilolifunga utepe mpya kwenye mshikio jioni ileile. Asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi, begi miguuni. Akaniuliza, "Mama, kwani nane hawawezi kucheza na nane?" Sikuwa na jibu.

Kwa wasioujua mchezo: una undugu na mpira wa magongo, lakini hapa gongo linaruhusiwa kupanda juu ya bega, mpira unashikwa kwa mkono, unapigwa ukiwa hewani, na uwanja wa wakubwa una urefu wa mita 130 hadi 145. Goli lina nguzo ndefu kama za raga. Mpira ukipita chini ya mwamba ni goli, na goli moja lina thamani ya pointi 3. Ukipita juu ni pointi 1. Tangu 2010 kila mchezaji wa kila rika lazima avae kofia ngumu yenye wavu wa uso, na mkiuona mpira ule wa ngozi unavyokuja mtaelewa.

Hakuna anayelipwa mshahara. Hata wale wanaojaza uwanja wa Croke Park kule Dublin, watu 82,300, Jumatatu wanarudi kufundisha shule au kukamua ng'ombe. Chama chao cha michezo ya jadi ya Kiayalandi, GAA, kiliundwa mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884, na kimejengwa juu ya parokia. Wa parokia hii anachezea parokia hii. Hahami kwa sababu jirani wana kombe. Kwa hiyo timu ikikosa watoto haina pa kusajili. Inawategemea waliozaliwa ndani ya mipaka yake na wachache waliohamia, kama sisi.

Na hapa si mahali pa pembeni kwenye mchezo huu. Fainali ya kwanza kabisa ya Ayalandi nzima ilichezwa Birr, humu humu Offaly, tarehe 1 Aprili 1888. Kaunti yetu ni ndogo lakini ilichukua ubingwa wa nchi 1981, 1985, 1994 na 1998. Wazee ninaowahudumia wanaisimulia fainali ya 1994 dhidi ya Limerick kana kwamba ilichezwa jana: zimebaki dakika 5, Offaly wako nyuma kwa pointi 5, mara wakafunga magoli 2 na pointi 5, wakaondoka na ushindi wa pointi 6. Mwaka 2024 vijana wa Offaly wa chini ya miaka 20 nao wakawa mabingwa. Ukiitazama kaunti kwa juu unaona inang'aa. Shuka sasa uje parokiani.

Kuna mzee mmoja kazini kwetu amepita miaka 90. Ya jana yanampotea, lakini barabara ya kwao hajaisahau. Siku moja namkata kucha akaanza kunitajia nyumba za barabara ile, moja baada ya nyingine, kuanzia njia panda ya kanisa. Hapa watoto 9. Hapa 6. Hapa walikaa ndugu wawili wasiooa. Hapa 11, na wavulana saba kati yao walivaa jezi ya klabu. Mimi napita barabara ile kila siku kwenda kazini. Usiku nikitoka zamu nikapunguza mwendo, nikahesabu taa. Alinitajia nyumba 14. Zilizokuwa na taa ni 6, na zenye mtoto wa shule ni 2. Moja ni yangu.

Watu wengi wakisikia habari hii wanasema watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu. Kwa ninayoyaona mimi, hapana. Wafungulie geti la uwanja Jumatano jioni, hata mvua iwe inanyesha ya upande, hutawatoa mpaka giza liingie. Wanapenda kupita kiasi. Hawapo wa kutosha, basi.

Na hawapo kwa sababu baba na mama zao hawapo. Eneo hili kwa miongo mingi liliishi kwa udongo mweusi wa kwenye vinamasi, unaochimbwa, kukaushwa na kuchomwa kupata umeme. Kituo cha umeme cha Shannonbridge kilizimwa Desemba 2020, na Januari 2021 Bord na Móna, shirika la umma la kazi hiyo, likatangaza kwamba uchimbaji umekwisha. Sababu yake, kulinda tabianchi, naijua na siipingi. Lakini mtu aliyekuwa anakwenda kazini kwa baiskeli na saa 12 jioni yuko uwanjani kufundisha watoto, leo anaendesha gari mpaka Athlone au Tullamore, wengine hadi Dublin, na baada ya miaka miwili anachoka anapanga huko huko.

Jambo la pili ni nyumba, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Kijana wa hapa, mchezaji wa timu ya wakubwa, baba yake ana ardhi, anataka kujenga ukingoni mwa shamba la baba yake mwenyewe. Kibali kikakataliwa. Akarekebisha ramani, kikakataliwa tena. Sasa anaishi mjini na mkewe na watoto wawili, na watoto wale watavaa jezi ya mjini. Nyumba ya kununua kijijini haipo. Zilizopo zimefungwa, mwenyewe yuko Boston au Sydney, au ndugu watano hawajakubaliana urithi.

Cha kushangaza, nchi yenyewe inakua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,149,139, mara ya kwanza kuvuka milioni 5 tangu 1851. (Kabla ya njaa kuu iliyoanza 1845 kisiwa kizima kilikuwa na zaidi ya milioni 8. Nchi hii iliwahi kumwagika na haijajaa tena.) Watu wanaongezeka, ila wanaongezeka Dublin na miji inayoizunguka.

Kinachonitisha ni kwamba huhitaji mganga kujua timu yako itakuwaje. Fungua tu rejesta ya shule ya parokia. Shule yetu ina walimu wawili. Mwaka huu walioanza darasa la kwanza kabisa ni 3. Watoto hao watatu ndio timu ya chini ya miaka 11 ya baada ya miaka mitano, na tangu leo tunaiona.

Naomba michango yenu. Najua wengi mtashangaa mama wa Ulanga anahangaika na mchezo wa wenyewe. Wangu wanauita wao.

---

Mkimbiaji wa Iten

Mama, asante kwa uzi huu. Mimi ni wa Elgeyo Marakwet. Huku kwetu ni Mwayalandi aliyekuja kutulelea watoto: Bruda Colm O'Connell, mtu wa Cork, alifika shule ya St Patrick's, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Kocha wa riadha hakuwa. Ndiye aliyemlea David Rudisha mpaka rekodi ya dunia ya mita 800 kule London 2012, 1:40.91. Kwa hivyo deni lipo.

Lakini nimesoma nikaona tofauti moja. Mkimbiaji akibaki peke yake kijijini bado ni mkimbiaji. Ana barabara na ana miguu. Mchezo wenu ni wa kundi. Huyo kijana wako akibaki pekee afanye nini?

---

Mama Ulanga

Kaka wa Iten, umenikumbusha kitu. Nyuma ya nyumba tuliyopanga kuna banda la zamani la ng'ombe lenye ukuta mrefu wa saruji. Kila siku akitoka shule yuko pale. Anaupiga mpira ukutani, unarudi, anaudaka kwa gongo bila kuushika, anageuka upande wa kushoto, anapiga tena. Klabu nyingi huku zimejenga ukuta maalumu wa hivyo uwanjani. Nikiwa jikoni nasikia tu, pa, pa, pa, na ukikatika najua umeangukia kwenye upupu wa huku.

Kwa hiyo peke yake anaweza kujifunza mkono na jicho. Asichoweza kujifunza ukutani ni mtu anayekuja kumzuia.

---

Bin Mtepe

Assalaam alaykum. Nimesoma kwa makini maana hao mnaowatafuta wako huku.

Mimi ni dereva wa basi la shule hapa Dubai, mwaka wa nane. Shuleni kwetu walimu wa Kiayalandi wamejaa. Wana klabu zao za GAA huku, Dubai, Abu Dhabi na kwengineko Ghuba. Jioni joto likipungua utawaona na magongo yao, kofia vichwani, jasho linachuruzika. Mwalimu mmoja wa darasa la nne nilimuuliza kwao ni wapi, akanambia kijiji cha Tipperary, na kwamba katika vijana aliocheza nao utotoni waliobaki nyumbani ni wanne. Wengine wako huku, Australia na Canada. Anasema kodi ya nyumba kwao ingemmaliza mshahara, huku shule inampa nyumba.

Nikamuuliza atarudi lini. Akasema akipata pa kukaa. Neno hilihili ulilolisema wewe, dada.

---

Kisura wa Ilala

Habari dada. Niko Dublin mwaka wa kumi na mbili, kaskazini ya mji. Kwetu ni kinyume kabisa. Rika la mwanangu, miaka 9, wapo watoto zaidi ya 60 wa klabu moja, wamegawanywa timu nne, na wengine wako kwenye orodha ya kusubiri. Kocha ana kazi ya kutafuta uwanja: leo bustani ya manispaa, kesho shule fulani, keshokutwa mazoezi saa 2 asubuhi kwa sababu ndiyo nafasi iliyobaki. Klabu kubwa za hapa zina wanachama kwa maelfu. Januari 2025 klabu iitwayo Na Fianna, ya mtaa wa Glasnevin hapa Dublin, ilichukua ubingwa wa klabu wa halingi wa nchi nzima.

Kwenu uwanja mzuri umelala, kwetu watoto wanakanyagana. Kila nikienda mashambani nauona uwanja wenye nyasi safi, nguzo zimepakwa rangi, vyumba vya kubadilishia nguo vya matofali, na hakuna mtu. Nilidhani ni wa likizo.

Swali langu: kwa nini msiungane na parokia jirani? Si ndiyo njia nyepesi?

---

Mama Ulanga

Dada Kisura, ndilo tulilolijadili Jumanne kwenye ukumbi wa klabu, kwa hiyo ngoja nilieleze kwa kirefu.

Kuungana kupo na kunaruhusiwa. Klabu mbili au tatu zinatengeneza timu moja ya watoto chini ya jina jipya, huku kila klabu ikibaki na timu yake ya wakubwa. Tulikuwa klabu tatu ukumbini. Sisi tuna watoto 8 wa rika hilo, wenzetu 9, wa tatu 7. Jumla 24. Mwenyekiti mmoja akasema haya basi, tuna timu kamili ya 15, na tunaweza kuingia daraja la juu. Watu wakapiga makofi.

Mimi nikanyoosha mkono. Nilikuwa natetemeka, maana ni mkutano wangu wa pili na lafudhi yangu wanaisikiliza kwa shida. Nikasema 15 wakiingia uwanjani, 9 wanakaa benchi. Na hao 9 tunawajua majina tangu leo. Ni wadogo wa miaka 10 na 11, ni wale walioanza juzi, ni watoto wa wageni. Akikaa benchi Jumapili nne mfululizo baada ya mama yake kuendesha dakika 25, ya tano hatakuja. Kabla hajafika miaka 15 tumempoteza, na tukifika rika la miaka 17 tutakuwa tunahesabu tena 8, safari hii kutoka parokia tatu.

Nikapendekeza kutoka kwenye watoto 24 tutoe timu mbili za 11, wawili wa akiba. Tusiwe na ubingwa, tuwe na mechi. GAA wenyewe kwa watoto mpaka miaka 12 wana utaratibu kwamba kila mtoto acheze na matokeo yasihesabiwe, kwa nini mwaka mmoja mbele tugeuke?

Upande mwingine nao nauheshimu. Mzee mmoja alisimama, mtu wa miaka 70 na kitu, ndiye anayekata nyasi za uwanja wetu. Akasema babu yake alivaa rangi hizi, baba yake alivaa, yeye alivaa, na sasa mnataka mjukuu avae rangi ya watu ambao utotoni mwangu tulikuwa tunapigana nao mtoni. Hakuna aliyecheka. Parokia huku imebeba mengi: ofisi ya posta ilifungwa, kituo cha polisi kilifungwa, baa moja imebaki kati ya tatu. Jezi ndiyo iliyobaki ikiwa na jina la kijiji. Anayesema ungana tu hajakaa karibu na mtu kama yule.

Tulibishana mpaka saa 5 usiku. Tulipoachana: wataungana mpaka miaka 17 kwa ajili ya mechi, timu mbili, lakini kila Jumatano kila klabu itafanya mazoezi kwenye uwanja wake, hata wakiwa saba. Jezi ya muungano itakuwa nyeupe. Soksi kila mtoto atavaa za parokia yake. Wazo la soksi lilikuwa la yule mzee.

Bado kuna jambo la wadogo kupandishwa. Ili kufikisha idadi, mtoto wa miaka 10 anavutwa kucheza na wa 13. Mwaka jana wangu alipandishwa hivyo akapigwa gongo kwenye vidole, bahati haukuvunjika mfupa. Nilikasirika kwelikweli, kisha wiki iliyofuata wakanipigia simu kwamba wako pungufu, na nikampeleka. Sijaacha kujiuliza kama nilifanya sawa.

---

Mchaga wa Uru

Dada, umeandika Ayalandi mimi nikasoma Uru. Nyumba zimejengwa nzuri, migomba imezunguka, geti limefungwa, Krismasi tu ndiyo taa zinawaka. Shule niliyosoma darasa letu lilikuwa na mikondo miwili. Sasa watoto waliobaki wanaishi na bibi zao, na uwanja tuliochezea umeota majani.

Niulize: hao wageni, Waafrika na wengine, klabu zinawapokea kweli au ni maneno?

---

Mama Ulanga

Kaka wa Uru, nitakujibu kwa niliyoyaona. Wiki ya pili tangu tuhamie, mwalimu wa shule alimpa mwanangu gongo fupi la kuazima. Ijumaa baba mmoja akagonga mlango, ameshika kofia ngumu ya mtoto wake iliyokuwa imembana, akauliza kama kesho anaweza kumpitia. Alimpitia miezi minne, mpaka nilipopata gari. Hakuna aliyeniomba chochote. Baadaye mimi mwenyewe nikaona aibu kukaa tu, nikasoma kozi ya ulinzi wa watoto, polisi wakakagua rekodi yangu kama wanavyomkagua kila anayewafundisha watoto, nikachukua kozi ya ukocha ya mwanzo. Sasa Jumatano niko uwanjani na filimbi.

Kwenye mchezo mkubwa pia njia ipo. Seán Óg Ó hAilpín, mama yake ni mtu wa Rotuma kule Fiji, ndiye nahodha aliyeinua kombe la nchi na Cork 2005. Zak Moradi ni Mkurdi aliyezaliwa Iraq, familia yao ililetwa Leitrim kama wakimbizi, na 2019 alishinda kombe la Lory Meagher, lile la kaunti za daraja la chini, akiwa na kaunti hiyo. Leitrim ni kaunti ya watu 35,000 na kidogo, halingi yake ni ya klabu chache mno. Mwaka 2023 lilitoka pendekezo la kuziondoa kwenye ligi ya taifa kaunti tano za namna hiyo kwa kuwa zina klabu za wakubwa pungufu ya tano. Watu walipinga kwa nguvu, likaanguka. Mimi nilifurahi mno. Ukimwondolea mtoto wa Leitrim jezi ya kaunti, unataka ashike gongo aote nini?

Lakini lipo la uchungu. Tangu 2022 Ayalandi ilipokea zaidi ya watu 100,000 kutoka Ukraine, wengi wakawekwa hoteli za vijijini. Kwetu walikuja wavulana wawili wa mama mmoja. Mkubwa alikuwa na jicho la ajabu, nadhani alikuwa amecheza tenisi. Msimu ule tulifika 11. Kisha mkataba wa jengo ukaisha, familia zikapewa siku chache, wakahamishiwa kaunti nyingine. Mama yake alirudisha jezi mbili zimefuliwa na kupigwa pasi, akaziacha kwenye mfuko mlangoni kwa kocha. Kwa hiyo mgeni anaokoa timu, ndiyo, ila awe na uhakika wa pa kulala. Tunarudi palepale kwenye nyumba.

---

Fundi wa Njombe

Mimi ni seremala, mengine nawaachia. Hilo gongo ni mti gani na kwa nini lisichongwe kwenye ubao wowote mgumu? Naona pichani lina pindo chini kama jembe.

---

Mama Ulanga

Fundi, swali zuri. Jirani yetu mmoja anayachonga kwenye banda lake na nimesimama naye mara nyingi, harufu yake tamu.

Ni mti unaoitwa ash. Wanatumia kipande cha chini tu, kama mita moja na robo kutoka ardhini, pale shina linapotanuka kuingia mizizini. Nyuzi za mti pale zinapinda zenyewe kufuata mzizi. Anapasua mbao ili pindo la gongo lifuate pindo la nyuzi. Ukikata kwenye ubao ulionyooka, anasema, litavunjika kwenye shingo siku ya kwanza. Mwisho anafunga utepe wa bati kwenye ncha ili isipasuke.

Shida ni kwamba miti hiyo nayo inakufa. Ugonjwa wa kuvu ulionekana Ayalandi mara ya kwanza 2012, majani yananyauka, matawi yanakauka kuanzia juu. Ukipita barabarani unaona ua mzima wa miti imebaki mifupa. Mbao nyingi sasa zinaagizwa nje, na yapo magongo ya mianzi na ya plastiki. Jirani anayachonga bado, ila anasema shina jema sasa analifuata mbali.

---

Fundi wa Njombe

Hapo nimekuelewa kabisa. Hata mpini wa shoka ni hivyohivyo, nyuzi zisipokwenda mpaka mwisho unamwua mtu. Nipe vipimo nijaribu na mti wa huku.

---

Mama Ulanga

Wakuu, nawapa mrejesho.

Leo Jumapili timu mbili za muungano zilitakiwa kucheza. Ya kwanza ilitimia 11. Ya kwetu walifika 10, na wapinzani walishuka kwenye magari yao wakiwa 8. Makocha wawili wakasogea pembeni, wakazungumza kama dakika moja, kisha wakavuta nguzo za plastiki kuufupisha uwanja. Wakacheza nane kwa nane, wetu wawili wakipokezana kila baada ya dakika kumi. Mvua ilinyesha kipindi chote cha pili. Soksi zilikuwa za rangi tatu. Mzee wa kukata nyasi alisimama nyuma ya goli muda wote akirudisha mipira. Tulipoteza kwa pointi 4 na mwanangu alifunga moja, juu ya mwamba, akitokea upande wa kushoto.

Fundi, gongo lake lilivunjika dakika za mwisho, shingoni palepale. Ni la inchi 30. Desemba nakuja Mahenge, nitalibeba vipande vyote viwili kwenye sanduku na kukutumia kwa basi la Njombe, upime mwenyewe namna nyuzi zilivyopinda.